Kubadilisha karte ya picha katika ordinateri ya zamani: somo, na hesabu ya feza



Wengi wenu mumeuliza sababu gani gazeti la mwezi uliopita halikutoka. Wengine hawakuuliza, walisema tu, kule nyuma ya madarasa, kwamba makapita wamekula feza ya muchango. Tumesikia. Kwa hiyo maandiko yetu ya leo yako na sehemu mbili. Kwanza tutafundisha kitu tulichojifunza juu ya ordinateri, kisha tutatoa hesabu, shilingi kwa shilingi. Kosa letu pia tutalisema wazi, maana bila kosa lile somo hili lisingekuwako.

1. MAMBO YALIVYOTOKEA

Munajua ile ordinateri ya meza iliyo katika chumba cha gazeti, yenye sanduku la chuma. Ilitengenezwa mwaka 2007, maana yake ni ya rika letu sisi wa mwaka wa mwisho. Ndiyo inayopiga gazeti hili, ndiyo inayoonyesha ramani za jeografia na picha za biolojia, na ndiyo wanafunzi wote wanajifunzia kuandika kwa zamu. Hakuna ingine.

Siku moja, katika majira ya jua, ekra ilianza kuonyesha mistari ya rangi kutoka juu mpaka chini. Siku ya tatu ikawa nyeusi kabisa. Lakini mashini yenyewe ilikuwa inanguruma, taa yake ilikuwa inawaka, na diski tulikuwa tunaisikia inazunguka. Basi mashini ilikuwa hai, lakini ilikuwa kipofu.

Mwalimu wetu wa fizika alitukataza kusema neno "imekufa" mbele ya kupima. Tulipima hivi: tulibadilisha kamba ya ekra, giza likabaki. Tukafunga ekra ingine ya kuazima, giza likabaki. Tukatoa karte ya picha, tukasafisha meno yake polepole kwa gome ya kufutia, tukairudisha; mistari ikarudi kwa dakika chache, kisha giza. Tulipoiangalia karibu, tuliona vantilateri yake imekazwa na vumbi jekundu la Aru, haizunguki tena, na vikopo vyake vidogo viwili vimevimba vichwa. Hapo tulijua ugonjwa uko wapi. Karte ilipata joto miezi mingi bila upepo, ikaharibika.

2. KARTE YA PICHA NI KITU GANI?

Ni ubao mudogo unaosimama juu ya karte mama, ndani ya sanduku. Kazi yake ni kugeuza hesabu za ordinateri kuwa picha ya kuonekana ku ekra.

Tufanye hesabu pamoja. Ekra yetu iko na nukta 1024 kwa upana na 768 kwa urefu. 1024 mara 768 ni nukta 786 432. Kila nukta lazima ipewe rangi yake, na picha nzima inatumwa upya mara 60 kila sekunde. Kwa hiyo karte inatuma zaidi ya nukta milioni 47 kwa sekunde, hata kama wewe umekaa kimya na kuangalia ukurasa mumoja tu.

Neno GPU, ambalo linaitwa sasa kila mahali, lilipata sifa mwaka 1999, wakati kampuni ya NVIDIA ya Marekani ilitoa karte yake GeForce 256. Karte yetu iliyoharibika ilikuwa ya ukoo uleule, GeForce 8400 GS ya mwaka 2007, yenye kumbukumbu ya megabaiti 256.

Sasa musikie vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapotea, na sisi tulipotea. Picha moja ya ekra yetu inahitaji megabaiti 3 tu za kumbukumbu. Karte yenye 256 ilikuwa inatosha sana kwa kuandika gazeti. Hatukuhitaji karte mupya kwa sababu ile ilikuwa ndogo. Tulihitaji kwa sababu ilikuwa imeharibika. Karte kubwa haiongezi mwendo wa kuandika. Inasaidia michezo, sinema, na kazi za michoro mikubwa. Mutu anayenunua karte kubwa kwa kuandika barua ni kama mutu anayenunua lori kwa kubeba sahani moja ya mihogo.

3. KOSA LETU

Tulikusanya muchango wenu, na kwa sababu soko letu linapokea shilingi za Uganda zaidi, tuliubadilisha wote kuwa shilingi. Tulipanda pikipiki, wawili wetu, tukaenda Ariwara. Hatukubeba karte ya zamani. Hatukupima sanduku. Hatukuandika neno hata moja ku karatasi. Tulikuwa na feza mufukoni na haraka rohoni.

Muuzishaji alituonyesha karte mbili za okazyo. Moja ilikuwa fupi, bila vantilateri, haina sura. Ingine ilikuwa GeForce GTX 660 ya mwaka 2012: kubwa, nzito, nzuri kwa macho. Tulisema mioyoni: hii ndiyo itaheshimisha shule. Tukalipa.

Tuliporudi na kufungua sanduku, tuliona mambo mawili. La kwanza, karte ile iko na urefu wa sentimetri 24, na nafasi yetu mpaka kwenye kiti cha diski ni sentimetri 19. La pili, karte ile inaomba kamba yake ya pekee ya umeme, yenye matundu sita, na kisanduku chetu cha umeme hakina kamba ya namna ile.

Mwenzetu mumoja alisema: "Tutoe kiti cha diski, na tuunganishe nyuzi wenyewe." Mwalimu wa fizika aliingia wakati ule, akatwambia tuweke turnevisi chini na tukamate chaki. Hesabu aliyotuandikisha ni hii:

Karte GTX 660 inakula wati 140. Mufereji wa karte mama unatoa wati 75, si zaidi. Zinabaki wati 65 za kupita katika nyuzi zingine. Tunajua kwamba nguvu ni volti mara ampere. Wati 65 tukigawa kwa volti 12, tunapata ampere 5,4. Ampere hizo zipite katika nyuzi zilizofungwa kwa mukono na utepe? Nyuzi zitapata joto, utepe utayeyuka, na katika chumba chenye karatasi nyingi, munajua wenyewe mwisho wake.

Kisha jumla: akili ya ordinateri yetu inakula karibu wati 65, karte mama na diski na vingine karibu 50, karte ile 140. Jumla 255. Kisanduku chetu kimeandikwa wati 250, tena ni cha zamani, na kisanduku cha zamani hakitoi tena nguvu yote iliyoandikwa juu yake.

Hakuna aliyesema neno. Karte iliyotupendeza macho ilikuwa inataka kuchoma chumba.

4. MAMBO SITA YA KUANGALIA MBELE YA KUNUNUA

Tuliyaandika haya ku ubao, kisha ku daftari. Nanyi muandike.

(a) Je, karte mama iko na tundu lake la ekra? Ordinateri nyingi zinaweza kutoa picha bila karte ya pekee. Angalia nyuma ya sanduku, karibu na matundu ya USB. Kama tundu la ekra liko pale, toa karte mbaya, funga ekra pale, ujaribu. Labda hutanunua kitu. Yetu haikuwa nalo.

(b) Mufereji ni wa namna gani? Mashini za kati ya mwaka 1997 na 2004 nyingi ziko na mufereji unaoitwa AGP. Tangu mwaka 2004 ulikuja mwingine, PCI Express, na ndio unaotumika mpaka leo. Karte ya AGP haiingii katika PCI Express, na ile ya PCI Express haiingii katika AGP, hata ukisukuma namna gani. Lakini PCI Express ya zamani na ya sasa zinapatana. Karte mupya katika mufereji wa zamani inatembea kwa mwendo wa mufereji.

(c) Umeme. Soma karatasi iliyobandikwa ku kisanduku cha umeme: wati ngapi? Kisha uliza karte inakula wati ngapi, na kama inaomba kamba ya pekee. Kwa mashini ya zamani, tafuta karte inayoishi kwa umeme wa mufereji tu.

(d) Nafasi. Pima kwa rula urefu wa ndani. Angalia pia kama sanduku ni lile jembamba; sanduku jembamba linaomba karte fupi yenye kipande kifupi cha chuma.

(e) Tundu la ekra. Tundu la buluu lenye matundu madogo 15 linaitwa VGA, lilianza mwaka 1987, na ekra nyingi za kwetu bado zinalitumia. Karte nyingi za miaka ya sasa hazinalo tena. Ziko na HDMI na DisplayPort. Kutoka HDMI kwenda VGA kamba ya kawaida haitoshi, lazima kifaa kinachogeuza alama zenyewe. Hicho nacho ni feza.

(f) Programu. Karte inahitaji programu ya kuiongoza, wanayoiita piloti, na piloti lazima ipatane na Windows au Linux iliyo ndani ya mashini. Yetu iko na Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuitunza tarehe 14 Januari 2020. Kwa hiyo karte iliyotoka juzi haitufai: haina piloti ya Windows 7. Tena mashini zingine za zamani zinakataa kuamka na karte mupya sana. Ndiyo sababu ni vizuri kupatana na muuzishaji, ku maandishi, kwamba kama inakataa utairudisha kwa siku chache.

5. SAFARI YA PILI

Tulirudi Ariwara na aibu yetu, na ile karte kubwa ndani ya kitambaa. Safari hii tulibeba karte ya zamani, karatasi ya vipimo, na kamba ya ekra. Muuzishaji alikubali kupokea karte yake lakini kwa bei ya chini. Hatumulaumu. Yeye aliuzisha kitu kizima. Sisi ndio hatukujua tunaomba nini.

Tuliuliza maulizo yetu sita, moja moja. Na karte iliyojibu yote ilikuwa ile fupi, isiyo na sura, tuliyoizarau siku ya kwanza: GeForce GT 710, ya mwaka 2014. Inakula wati 19 tu. Haiombi kamba ya pekee. Inaingia katika sentimetri 19 na nafasi inabaki. Iko na tundu la buluu. Iko na piloti ya Windows 7. Na tena haina vantilateri, iko na chuma tu cha kutoa joto. Basi vumbi letu halina kitu cha kukaza.

Jumla ya umeme sasa: 65, na 50, na 19, ni wati 134. Kisanduku cha 250 kinapumua vizuri.

6. HATUA ZA KAZI

Kwanza, zima ordinateri kwa njia yake, kisha toa kamba ya umeme ku ukuta. Kama munatumia grupu, msiseme tu "grupu imezimwa", toa kamba. Kisha bonyeza kifungo cha kuwasha kwa sekunde chache, ili umeme uliobaki ndani utoke.

Pili, fungua ubavu wa sanduku. Gusa chuma cha sanduku kwa mukono mutupu mbele ya kugusa kitu kingine. Mwili wa mutu, zaidi wakati wa jua kali, unabeba umeme mudogo ambao wewe husikii, lakini unaweza kuua karte.

Tatu, toa vumbi kwa burashi laini, na kazi hii ifanyike inje, si ndani ya chumba.

Ine, fungua parafujo inayoshika karte ya zamani. Ku mwisho wa mufereji kuna kikufuli kidogo cha plastiki; kisukume, kisha vuta karte moja kwa moja kwenda juu, bila kuitikisatikisa. Wengi wanavunja kikufuli hiki kwa kuvuta kwa nguvu.

Tano, kamata karte mupya kwa pembeni, usiguse meno yake. Meno hayo yanangaa kwa sababu yamepakwa zahabu nyembamba sana. Sisi wa Ituri tunaijua zahabu tangu Kilo na Mongbwalu, lakini wachache wanajua kwamba inatafutwa pia kwa kazi hii: haishiki kutu, basi umeme unapita miaka mingi. Jasho na mafuta ya vidole vinaichafua.

Sita, isimamishe juu ya mufereji, usukume kwa nguvu sawa pande mbili mpaka kikufuli kilie "ka". Rudisha parafujo.

Saba, funga kamba ya ekra ku karte mupya. Mara nyingi mutu anaifunga ku tundu la karte mama, anaona giza, anaanza kulia bure.

Nane, washa. Usiogope ukiona herufi kubwa na picha zisizo safi. Mashini haijapata piloti bado. Sisi tuliichukua mujini, mahali penye intaneti, kutoka ku ukurasa wa NVIDIA yenyewe, tukaibeba ku kle USB. Tuliiweka, tukazima na kuwasha, na ekra ikafunguka sawasawa.

Ilikuwa saa kumi na moja ya jioni. Tulikuwa watu watano katika chumba, na hakuna aliyepiga kelele. Tuliangalia tu ile ekra ya buluu kama vile hatukuiona hata siku moja.

7. KITU KARTE MUPYA HAIFANYI

Tusidanganyane. Ordinateri haikuwa kijana. Kuamka kwake ni polepole kama mbele, kwa sababu diski na akili yake ni zilezile za mwaka 2007. Siku diski itachoka, karte haitaiokoa. Ndiyo maana tumeomba Prefe wetu ruhusa ya kuweka nakala za kazi zote ku kle USB kila Ijumaa. Tena tumebandika ku mulango sheria mbili: mashini izimwe mbele ya grupu kuzimwa, na ifunikwe kwa kitambaa ikiisha kupoa, si ingali na joto.

Karte ya zamani hatukuitupa. Iko katika kabati la fizika. Mutu anayetaka kuona vikopo vilivyovimba aombe mwalimu.

8. HESABU

Muchango uliopokelewa: shilingi 130 000.
Safari ya kwanza: 15 000.
Karte ya kwanza: 90 000. Iliporudishwa tulipewa 50 000. Hasara: 40 000.
Safari ya pili: 15 000.
Karte ya pili: 45 000.
Burashi: 3 000.
Zilizobaki: 12 000, ziko mikononi mwa mutunza feza wa komite, na daftari liko wazi kwa kila mwanafunzi.

Kama tungepima siku ya kwanza, zingebaki 67 000. Basi kutojua kwetu kuligarimu shilingi 55 000 za wazazi wenu, ambao wengine walizitoa ku mihogo na ku tumbako. Hakuna aliyekula feza. Lakini feza iliyopotea kwa haraka na feza iliyoliwa, kwa mama aliyeitoa, ni namna moja. Kwa hiyo tunaomba musamaha, na sisi watano wa komite tumepatana kurudisha zile 55 000 kwa kufyatua matofali siku za Posho, mpaka ziishe. Zilizolipwa zitaandikwa katika gazeti hili.

9. MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Ekra ni nyeusi lakini mashini inanguruma. Taja mambo matatu ya kujaribu mbele ya kununua kitu.
2. Ekra iko na nukta 1280 kwa 1024. Karte inatuma nukta ngapi kwa sekunde, kama picha inatumwa mara 60?
3. Karte moja inakula wati 75 kwa volti 12. Ni ampere ngapi?
4. Kwa nini karte isiyo na vantilateri inafaa Aru kuliko yenye vantilateri? Na shida yake inaweza kuwa nini?
5. Muuzishaji anakwambia, "Chukua hii, ni kubwa zaidi." Utamujibu nini?

Majibu muyalete ku chumba cha gazeti. Kwa ulizo la tano hatuna jibu moja. Sisi tulilijibu vibaya mara ya kwanza.

Wazee walisema kwamba mali bila daftari inapotea bila habari. Sisi tumeongeza hili: na rula pia ibebwe.

Ni sisi, kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho, pamoja na komite ya gazeti. Aru.